Sura ya Tatu

Luku imebaki yuniti mbili.
Igogo yote imelala juu ya mawe yake.
Nafungua kompyuta:
Haki za Mkaaji Asiye na Hati.

Msimamizi wangu sijawahi kumwona.
Ni maandishi mekundu tu pembeni mwa ukurasa:
Chanzo? Fafanua. Nani kasema?

Nani kasema.
Kasema mama, Nyanzobe binti Lushinge,
aliyeuza dagaa Kirumba miaka kumi na tisa,
akapandisha tofali mojamoja kichwani
hadi kwenye jabali hili lisilo na namba ya kiwanja.
Hakuandika popote. Nitamnukuuje?

Mtandao unakatika. Naufuata
juu ya jiwe la nyuma ya choo,
simu nimeinyanyua kama anayeomba mvua.
Chini, ziwa jeusi, halina bikoni hata moja.

Ndani Kulwa anakohoa. Saa nane na nusu.
Asubuhi, karani mimi, nitasimama mlangoni pa mahakama
niite mashauri ya ardhi,
majina ya watu wa milimani kama sisi,
na wengine watakuwa wamekwishachoka kuja.

Narudi mezani. Chini ya wekundu ule nachapa:
Chanzo ni sakafu niliyokalia.
Nafuta.
Sifuri nukta nne.
Naandika tena.