Figo ya Marehemu

Fundi Eachann ana daftari la vipuri
visivyotengenezwa tena popote.
Pampu ya mafuta aliing'oa kwenye kivuko pacha,
kesho yake kikakatwa vyuma chakavu.
Tangu hapo chetu kinaishi
kwa figo ya marehemu.

Huu mwaka wa arobaini na moja.
Kutu tumeipaka rangi, rangi nayo imeota kutu.
Kati ya vivuko vitano, vitatu viko chelezoni,
na huko Glasgow vikao haviishi:
kipya kinakuja.
Kilikuja mwaka juzi, kikaja mwaka jana,
bado hakijafika.

Gatini, Murdina na kondoo wake kumi na wanane
wamesimama mbele ya ubao: LEO HAKUNA SAFARI.
Kondoo hawajui kusoma; ndio waliotulia.
Mnada wa Oban hautamngoja.
Shuleni wamebaki watoto watano,
na wawili kati yao, mama yao ameshafunga masanduku.

Jioni injini ikakohoa, ikashika.
Tukapiga makofi kama walevi.
Eachann hakupiga.
Alikuwa ameegemeza sikio kwenye chuma,
anahesabu,
kama mtu anayesikiliza kifua cha mzazi
na hataki kutuambia.