Msana wa Juu

Nyumba ya bibi Mwanakheri haikuanguka kwa siku moja.
Ilianza dari, mwaka wa mvua ile ya kupita kiasi,
kisha boriti, moja moja, usiku,
kama mtu anayevua viatu asiamshe watoto.
Mwisho ukuta wa upande wa choo.
Kilichobaki ni gofu, na warithi kumi na saba.

Kumi na saba! Wengine siwajui hata kwa sura.
Mmoja yuko Jidda. Mmoja hataki kuuza.
Mmoja ataka kuuza, ila si kwa bei ile.
Na Shamuti, ndugu yangu wa tumbo moja, ataka apimiwe kwanza.
Faili liko kwa kadhi, limenona kuliko kondoo wa Idi.

Mimi nikaenda na jembe.

Nilizoa kifusi kwa karai siku ishirini na mbili.
Chini ya chokaa nikakuta udongo mweusi, mwororo,
miaka ya kinyesi cha popo na vumbi la boriti.
Mbegu niliziweka kidakani,
pale bibi alipopanga sahani zake za kichina.

Mwaka wa kwanza nilipanda mstari mmoja kando ya ukuta,
yamenyooka kama watoto wa madrasa.
Yakarefuka. Yakatoa ndevu. Nikatangaza Langoni nzima.
Nilipomenya hindi la kwanza lilikuwa na punje tisa.
Nilizihesabu.
"Kama kinywa cha Bwana Kupi," akasema binti yangu,
na Bwana Kupi yuko mlangoni, na punda wake,
wote wawili wakiangalia majani.

Mama Njoki wa Mpeketoni, auzaye maharagwe sokoni,
alicheka mpaka mizani ikatikisika.
"Mahindi hayapangi foleni, mwalimu.
Yasongamanishe, yapumuliane.
Unga wa juu ndio dume, ndevu za chini ndizo jike,
na kila udevu mmoja ni punje moja.
Lakini humo mwako ni kuta tupu.
Itabidi upepo uwe wewe."

Basi mwaka wa pili nikapanda sita kwa sita
katika msana wa juu, palipokuwa na kitanda cha bibi.
Maji ya kisima yana chumvi, yaliyakunja majani,
nikabeba ya mfereji, ndoo kwa ndoo, siku za zamu.
Na umande ukikauka, kabla sijaenda kusomesha,
nikawa upepo:
nashika bua, natikisa, nashika lingine, natikisa,
naingia darasani kichwa manjano
kama bi harusi aliyekimbia singo.

Ndipo akaja Shamuti kutoka Mombasa
na utepe wa kupimia mfukoni.
Akasimama dakani, viatu vimeng'arishwa.
"Nani mekwambia upande hapa?"
Sikumjibu. Nilikuwa na mabua kumi na manne bado.
Akaingia kupima. Utepe ukanasa.
Akavuta, akavuta tena, bega likagonga bua,
na unga ukamshukia, kope, masharubu, ukosi wa shati.
Akapiga chafya tatu.
"Hayo ya pembeni hayajapata," nikamwambia. "Tikisa."
Akanitazama kama alivyonitazama utotoni
nilipomwambia arudishe sukari.
Kisha, utepe mkono wa kushoto, akatikisa.

Hatukuzungumza habari ya nyumba siku ile.
Nyingine yoyote pia, ukitaka kujua.

Mwezi wa saba nikampelekea manne kwa basi,
yamefungwa kwa gazeti na kamba ya katani.
Akapiga simu usiku. "Moja lina mapengo."
"Hilo ni la pembeni kwako," nikasema.
Akanyamaza. Nikamsikia anatafuna.

Faili bado liko kwa kadhi.
Yule wa Jidda ameandika barua, sijaifungua.
Vuli inakaribia, na mtu mwenye akili angengoja hukumu.
Mbegu nimeziroweka tangu alasiri.