Julai, Uyole

Ambokile kafungua ubavu wa kompyuta,
umri mmoja na mdogo wake Subilaga.
Anaisukuma prosesa: tatu nukta mbili, tatu nukta nane.
Inazima. Anawasha. Inazima.

"Luku inakwisha," mama anasema ng'ambo ya ukuta.

Mara ya sita inakubali. Feni inalia kama cherehani,
nyuzi tisini na moja.
Anafungua dirisha:
baridi inaingia na harufu ya viazi vilivyochimbwa leo,
sabini, sitini na nne,
na gari kwenye kioo, lililokuwa na kigugumizi,
linakata kona bila kusita.

"Kaka, tunacheza au tunaganda?"

Anamrushia Subilaga koti,
mwenyewe ananyoosha viganja nyuma ya feni,
anaota moto wa ubishi wake.