Leseni Hai

Waliniambia daftari halidanganyi.
Basi nikavaa miwani ya Olesia, maana yangu imepasuka,
nikaandika jina la wilaya, nikaandika: muuguzi aliyesajiliwa,
umbali usiozidi kilomita themanini,
kwani zaidi ya hapo, Januari, ni kumwomba mtu afie njiani.

Majibu: saba.
Saba! Nikamwita mke wangu kutoka chumbani.
Tangu zahanati ifungwe Oktoba, ufunguo akaachiwa mwenye ghala la ngano,
hatukuwa tumehesabu kitu kikafika saba
ila siku tangu kidonda chake kianze kunuka.

Wa kwanza, Gwendolyn Pask. Simu ikalia, ikalia,
nami nikaiona ikilia juu ya meza ya jikoni isiyokuwepo,
kwa sababu meza ile niliinunua mimi kwenye mnada wao,
dola kumi pamoja na viti vinne.
Ndiyo hii niliyoiegemea nikipiga.

Wa pili yuko Alberta, hurudi Krismasi, na Krismasi imepita.
Wa tatu na wa nne ni mtu mmoja, kabla ya ndoa na baada ya talaka.
Anakesha hospitali ya mjini, saa mbili na nusu kwa gari.
Akaniuliza kwa upole, "Mzee, nami nilale saa ngapi?"
Sikuwa na jibu. Nikamwambia alale.

Wa tano, Doreen Lysak. Leseni: hai. Masharti: hakuna.
Jeneza lake tulilibeba Novemba, mimi na kaka zake,
tukateleza langoni, nusura tumwangushe,
naye alikuwa mtu asiyevumilia kitu kuangushwa.
Hai hadi Machi, wameandika.
Nilikaa na neno hilo kitambo.
Hai.

Wa sita siku hizi anafundisha. Wa saba hapokei namba asizozijua,
na mimi ni namba asiyoijua.

Kidonda hakisomi daftari.
Ijumaa nikaenda kituo cha mafuta kutafuta chachi,
nikaipata moja, kati ya mafuta ya breki na pipi za mnanaa.
Yule wa kaunta akaigeuza mkononi, hakuipitisha kwenye mashine.
"Ya nani? Mguu? Kina upana gani?
Ukingo wake mwekundu au mweusi? Ana kisukari?"
Miaka miwili ananiuzia kahawa,
sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya bei.

Alikuja saa tatu usiku, amevaa buti za mwanawe,
theluji imemganda hadi magotini.
Akanawa mpaka viwikoni, polepole,
tukajikuta sote tumenyamaza, hata redio niliizima.
Marivic Dumalagan. Miaka kumi na mmoja, wodi ya upasuaji, Iloilo.
Faili lake liko Regina, juu ya meza ya mtu.
Hali: linasubiri.

"Usiniite muuguzi," alisema, amepiga magoti kwenye zulia letu,
"wakisikia, hata kusubiri kwenyewe watanifutia.
Sema jirani alikuja kuangalia mguu."
Olesia akacheka, mara ya kwanza tangu ardhi igande,
kisha akalia, maana chachi ya zamani ilishikana na nyama.
Marivic akamwambia neno la kwao.
Hatukuuliza maana yake. Mguu ukatulia.

"Huu unataka daktari," akaniambia mlangoni.
"Jumatatu. Si Jumanne."
Nikampa dola ishirini, akazitazama kama risiti ya mtu mwingine,
akaniachia mkononi.

Orodha ya saba bado imebanwa na sumaku kwenye jokofu.
Nilimkata Doreen, kisha nikafuta mstari ule;
sikupenda mkono wangu ndio ufanye kazi hiyo.
Na chini kabisa, kwa penseli, kwa kuwa wino sina haki nao:
Dumalagan. Kilomita tatu.
Penye safu ya namba ya leseni nikasita,
nikaandika saa anayotoka kazini.