Mluzi

Binti Nzilani anipaka jeli shingoni,
baridi kama kuta za kisima cha Kuze alfajiri.
"Tazama ukutani, Fundi. Usimeze mate."
Rahisi kusema. Mtu akikukataza kumeza
koo lote hujaa mate.

Miaka thelathini na minane nimefungua mabomba
ya Majengo, ya Kibokoni, ya Mwembe Tayari;
nimeyakata kwa msumeno nikaona ndani
chumvi ya visima vyetu ilivyojijenga
pete juu ya pete, nyeupe, ngumu kama jino,
hata bomba la inchi moja likabaki tundu la sindano
na mwenye nyumba yuko juu aitukana kaunti.

Leo bomba ni mimi.

Kwenye kioo kuna giza, na ndani ya giza njia,
ya kijivu, yatweta.
Akabonyeza kitu, damu ikatoa sauti:
shwaa, shwaa, shwaa,
nami naijua. Ndiyo ile ya saa nane usiku
maji yakija baada ya wiki kavu
na mtaa mzima ukaamka na ndoo.

Akasogeza kidude chake chini ya taya.
Sauti ikabanwa, ikapanda, ikapiga mluzi.
"Hapo," nikasema.
Akanigeukia. "Umejuaje?"
"Maji yakipita penye chumvi hupiga mluzi."
Hakucheka. Akaweka vinukta viwili, akapima.

Kaka yangu Bwanaheri hakupimwa.
Alikuwa na kikombe cha kahawa mkononi;
kikombe kikaanguka kwanza, kisha maneno.
Kiharusi: lisikie neno lenyewe,
kijiharusi kisicho ngoma wala biriani,
bwana harusi mwenyewe hakupewa kadi,
nusu ya uso wake ikaenda
nusu ikabaki mlangoni.

"Asilimia sitini, upande wa kushoto," asema daktari.
"Sisemi kesho. Sisemi haitakuja.
Nasema tumeiona ingali njiani."
Akaandika vidonge. Chini yake: punguza chumvi.
Chumvi tena!
Nikamfikiria Mishi na sufuria yake ya papa mkavu,
na nani atakayemwambia.

Bomba la mtu likiziba namwambia: kata hapa,
unga hapa, elfu mbili, kesho utaoga.
Hili langu sina spana yake.
Nina picha tu, imekunjwa mara nne
mfukoni mwa shati, pamoja na risiti ya gundi.

Saa nane usiku maji yaja.
Mishi ashuka na ndoo, bawaba yalia.
Nimelala ubavu wa kulia,
vidole viwili chini ya taya,
nasikiliza mluzi,
sijui ni wa ukutani
au wangu.