Kabla ya Jumatatu

Mtumbwi tuliazima kwa Zenonas,
wa alumini, umebonyea ubavuni
pale alipogonga nguzo ya daraja akicheka.
Alituonya: ukigusa kokoto hulia kama sufuria,
na mto wote utajua mmekuja.

Mama aliketi omo, mimi tezi.
Zamani ilikuwa kinyume:
yeye nyuma akishika njia,
mimi mbele, miaka tisa, mwenye kelele.

Wasemao macho hayana pazia
hawajayaona ya mama.
La kulia lina mtoto wa jicho,
mtoto mtiifu kunishinda mimi:
miaka minne hajatoka nyumbani,
wakati mimi nafunga minofu ya samaki kule Norwe
na kupiga simu kila Jumapili niliyoikumbuka.
Jumatatu, mjini Vilnius, daktari atamtoa.
"Basi leo nipeleke Žeimena," alisema,
"niuage mto huu wa ukungu.
Huenda huo wa daktari ukawa mwingine."

Kanuni zake hazikubadilika.
Hakuna kusema.
Kafi liingie majini kama kijiko kwenye uji wa mgonjwa.
Ukiona kitu, gonga ukingo kwa ukucha, mara moja.
Daftari likae kwenye mfuko wa nailoni, na penseli,
maana wino huogopa maji.

Tukapita misonobari, kisha matete.
Maji maangavu hadi mchangani,
nyasi za chini zimelala upande mmoja
kama nywele zilizochanwa na mtu mvumilivu.
Ukucha wangu: ti.
Kulastara wa kijivu, mguu mmoja,
kama karani aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.
Ti.
Mdiria, lakini alikwisha pita;
ilibaki rangi ya samawati hewani, haina mwenyewe.

Kisha ukucha wake.
Akanyoosha kidole kushoto, chini ya mti ulioinama.
"Fisi-maji," akanong'ona, akivunja kanuni yake mwenyewe.
"Amelala chali. Unamwona?"

Nikatazama. Gogo.
Gogo jeusi lenye kuvu,
na kitawi kimoja kimesimama kama mkia.

"Namwona," nikasema.
"Anafanya nini?"
"Anakula samaki."
"Samaki gani?"
"Mdogo." Na kwa kuwa uongo ukikaribishwa huomba kiti:
"Ana masharubu meupe. Anatutazama."

Mama akapiga kafi mara tatu.
"Viltė, lile ni gogo.
Liko pale tangu dhoruba ya mwaka aliotutoka baba yako.
Nilitaka kujua kama bado unaangalia,
au unanihudumia tu."

Sikuwa na jibu. Mtumbwi ukapata kokoto,
ukalia kama Zenonas alivyoahidi;
bata saba wakaruka wakitutukana kwa majina.

Baada ya kona mama aliinua kafi, likadondosha matone.
Alisikia kabla yangu:
pumzi nzito ya pua pana,
kama mtu apandaye ngazi na mzigo.
Elki jike, shingo juu ya maji,
na ndama nyuma yake,
kidevu amekiegemeza mgongoni mwa mamaye.
Walivuka mbele yetu, umbali wa makafi kumi.
Ukucha wangu ulikwama.
Nilitaka kumwambia yote, masikio, povu la puani,
jinsi mto ulivyofunguka kwao ukajifunga.
Nikayameza.
Mama alikuwa amegeuza uso,
si kule walipokuwa, bali pale watakapotokea,
akangoja.
Ndama aliteleza mara mbili kwenye tope la ukingo.
Mara ya tatu, matete yakawafunika.

Jioni, kwenye meza ya Zenonas yenye makombo,
"Andika," akaniambia. Nikaandika:
kulastara mmoja, mdiria nusu,
bata saba, elki wawili.

Akalivuta daftari hadi puani,
akasoma kwa lile jicho lenye nafuu,
akanipokonya penseli.
Chini, kwa herufi kubwa zinazopanda mlima,
akaongeza:
gogo moja. Halina masharubu.