Majivu na Kaa

Amezaliwa mweusi ti,
saa tisa za usiku, mvua ikipiga vigae,
na mnunuzi aliyelala garini
akaja asubuhi akisugua macho, akasema:
"Mimi niliagiza mweupe."

Baba hakujibu. Baba huona maneno ni shayiri,
ukimwaga ovyo unalisha panya.
Nikajibu mimi, Eufrasia:
Bwana, huku Jerez weupe hauzaliwi,
hungojewa.
Mwaka wa kwanza moshi hutokea kwenye kope,
wa tatu huja madoa, kama sarafu chini ya maji,
wa sita, wa saba, ni ukungu tupu juu ya Guadalete.
Siku utakayomkuta mweupe pe, kama chokaa ya ukuta huu,
nawe utakuwa na mvi,
mtatazamana mlangoni
mkiulizana nani alianza.

Mama yake anaitwa Ceniza, yaani majivu.
Husemwa moto huzaa majivu.
Jana usiku majivu yalizaa kaa.

Mnunuzi akatoa utepe wa kupimia.
Akapima bega, akapima paja, akaandika.
Pua akaipita, haina sanduku kwenye fomu yake:
pua iliyobinuka kidogo tu, kama mgongo wa kijiko,
ile ile iliyochongwa juu ya lango la kanisa letu,
ambako farasi wa jiwe amekosa sikio
na njiwa wamejenga humo.

Wanasema watawa waliagizwa na wakubwa
wachanganye damu hii na ya farasi wazito wa kaskazini,
wa kukokota mizinga.
Wanasema watawa walifunga mlango, wakaendelea kusali.
Mimi sikuwapo. Babu naye hakuwapo,
ingawa alisimulia kama aliyeshika komeo.
Nilichokiona ni hiki:
mtoto wa saa nne, miguu bado ni ya kuazima,
anaanguka kwenye majani makavu, anainuka,
na hatua yake ya kwanza anainua goti juu,
juu kabisa, kama anayevuka kitu
ambacho sisi hatukioni.
Nani kamfundisha?

Leo ni siku ya kumnyoa Ceniza.
Dume huachiwa singa zimwagike hadi begani;
jike hunyolewa shingo, ndiyo desturi,
mwezi wa Mei afungwe na wenzake watano,
bega kwa bega, kengele vifuani,
wageuke pamoja kama mlango mmoja.
Mkasi ni wa Baba. Mikono ya Baba
imeanza kutetemeka tangu baridi ya Januari,
hatujaitaja nyumbani.
Nimeweka kiganja changu juu ya chake.
Tunakata. Ceniza ametulia,
sikio moja kwetu, moja kwa mwanawe.
Singa zinaanguka kwenye viatu vyetu,
na sijui zipi ni zake
na zipi zimetoka kwenye kidevu cha Baba.

"Basi atakuwa mweupe lini?" mnunuzi akauliza, injini ikinguruma.
Ndipo Baba akafungua kinywa:
"Rudi ukiwa huna haraka."

Ameondoka, matope hadi kwenye vioo.
Utepe wake ameusahau horini.
Ceniza ameutafuna
mpaka sentimita ya arobaini na moja.